Matambaa ya Ebedmeleki

Masomo ya wiki: Yeremia 37–39, Waebrania 13:3

Shimo la Malkiya halikuwa na maji, lilikuwa na matope tu. Yeremia aliteremshwa humo kwa kamba, akazama matopeni. Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Aliingia chini ya hazina, akaokota matambaa makuukuu na nguo zilizooza, akamteremshia nabii na kumwambia ayatie makwapani, chini ya kamba, ndipo wakamvuta. Mtu aliyedhoofika kwa njaa na matope, ukimvuta kwa kamba tupu utamchuna ngozi. Ebedmeleki aliliwaza hilo kabla hajavuta.

Wiki hii tunawaombea watetezi wa wafanyakazi waliofungwa na serikali zisizotaka kuulizwa, na tunaanza na Yeremia kwa sababu naye aligusa ujira. Katika sura ya 22 alimtangazia ole Mfalme Yehoyakimu, aliyejenga jumba lake kwa kuwatumikisha watu bila mshahara. Katika sura ya 34 aliwakemea wakuu waliowaacha huru watumwa wao, kisha wakawarudisha kazini kwa nguvu. Lakini mashtaka yaliyomtia ndani hayakutaja ujira hata kidogo. Walisema amekwenda kujiunga na Wakaldayo, jeshi la Babeli, tena anaidhoofisha mikono ya askari. Mtetezi wa mfanyakazi hafungwi kwa jina la mshahara. Hufungwa kwa jina la usalama wa taifa.

Tazama Belarusi, nchi ya Ulaya Mashariki. Huko gereza ni hatua ya mwisho. Tangu amri ya rais ya mwaka 1999, chama cha wafanyakazi hakisajiliwi bila anwani rasmi. Ofisi ya tawi mara nyingi imo ndani ya kiwanda, kwa hiyo mwajiri akikataa kutoa barua ya kuthibitisha anwani, tawi limekufa kabla ya kuzaliwa. Amri nyingine ya mwaka huohuo ilifungua njia ya kuwaweka wafanyakazi wengi kwenye mikataba ya muda. Kiongozi wa tawi hafukuzwi. Mkataba wake unaisha na hauongezwi. Aende mahakamani kulalamikia nini?

Wengine hawakunyamaza hata hivyo. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2020, ambao matokeo yake yalipingwa, wafanyakazi waligoma katika viwanda vya serikali, pamoja na migodi ya mbolea ya Salihorsk. Tarehe 19 Aprili 2022 maofisa wa KGB, idara ya usalama wa taifa, walivamia ofisi za vyama huru na kumkamata Aliaksandr Yarashuk, mwenyekiti wa shirikisho lao, BKDP, aliyekuwa pia mjumbe wa Baraza la Uongozi la Shirika la Kazi Duniani (ILO). Julai mwaka huohuo Mahakama ya Juu ililifuta shirikisho. Tarehe 26 Desemba Yarashuk alihukumiwa miaka 4, na naibu wake Siarhei Antusevich miaka 2. Mhasibu wa ofisi alipewa mwaka mmoja na nusu. Mtu wa kuandika risiti na kujumlisha michango! Akifungwa mhasibu, kila mwanachama aliyewahi kulipa ada anajiuliza kama jina lake limo kwenye daftari lililochukuliwa, na hofu hiyo hufanya kazi ambayo askari elfu wasingeiweza.

Shimo hili si geni kwetu. Chege Kibachia aliwaongoza wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947. Kabla ya mwaka kwisha serikali ya kikoloni ilikuwa imempeleka mbali, Baringo. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 pamoja na Fred Kubai, Nairobi ikagoma, naye akakaa kizuizini katika kaskazini kame ya Kenya hadi 1961, zaidi ya miaka 11. Alikuwa mkomunisti, si mtu wa kanisa. Waebrania 13:3 inasema tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao, wala haiulizi wanasali wapi.

Basi tuwakumbuke, lakini tusivute kamba tupu.

Usimtumie fedha ndugu wa mfungwa bila kuuliza kwanza. Januari 2024 KGB ya Belarusi ilipekua nyumba za wafungwa waliotoka na za jamaa za waliobaki, kwa sababu ya misaada ya chakula. Mkono wako wa huruma unaweza kuwa kielelezo cha mashtaka. Waulize wenzao walioko uhamishoni. Wao wanajua mlango upi uko salama. Waulize pia kama familia inataka jina litajwe hadharani, maana wengine wanaomba kimya, na ombi hilo liheshimiwe hata kanisani.

Ukiandika barua, iwe fupi, nusu ukurasa unatosha. Usitaje siasa, kesi, shirika, wala jina la mtu wa tatu. Andika kwa lugha anayoisoma mkaguzi wa gereza, maana asichokielewa hakipiti. Weka tarehe na namba, barua ya 1, ya 2, ili mfungwa ajue ipi imezuiwa. Eleza mvua ilivyonyesha kwenu, mahindi yalivyo. Nyingi hazitamfikia. Ziandikwe tu, kwa kuwa mlinzi anayezihesabu anajua kwamba mtu huyu ana watu.

Tena Ebedmeleki hakuanza na matambaa. Alikwenda kwa mfalme alipokuwa ameketi katika lango la Benyamini, mahali pa wazi, akasema watu hawa wametenda vibaya. Lango letu lipo. Kila Juni wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi hukutana Geneva katika mkutano wa ILO, na Juni 2023 mkutano huo uliitumia Belarusi kifungu cha 33 cha katiba yake, kinachoruhusu kuichukulia hatua nchi isiyotii, mara ya pili tu katika historia ya shirika hilo. Mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, COTU ya Kenya na TUCTA ya Tanzania, hupeleka wajumbe. Kama wewe ni mwanachama wa chama kilicho chini yao, liombe tawi lako liandike barua mapema, Machi au Aprili, yenye majina kamili ya waliofungwa. Barua ya Mei inaweza kuwa imechelewa.

Yeremia hakuachwa huru siku ile. Alikaa katika uwanda wa walinzi mpaka Yerusalemu ulipotwaliwa. Akiwa bado amefungwa humo, neno la Bwana lilimjia kwa ajili ya mtu mmoja: aende akamwambie Ebedmeleki, Mkushi, kwamba hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa.