CD ya tatu

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili Tanga, na Jumamosi zangu nyingi ziliishia kwenye banda moja la video huko Ngamiani. Kiingilio shilingi 100. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni imepandishwa kwenye kichanja cha mbao ili wa nyuma nao waone. Watu hawakukosea kuyaita mabanda yale vibanda umiza. Ukitoka humo shati limelowa kama umetoka kuvua.

Wateja walikuwa wachukuzi wa sokoni, makonda wa daladala, mafundi, na sisi wanafunzi tuliotakiwa kuwa tuisheni. Kilichopendwa kinajulikana: Van Damme, Jackie Chan, na kanda alizotafsiri Lufufu, ambaye sauti yake wengine tuliizoea kuliko ya wajomba zetu. Picha ya kulia hakuna aliyeitolea mia yake, labda iwe ya Kihindi, maana kwenye ya Kihindi hata ukilia, ngumi utaziona.

Siku hiyo CD ya ngumi ilikuwa imekwaruzika, kila baada ya dakika mbili inakwama. Mwenye banda akachomoa nyingine, mojawapo ya fungu alilonunua Dar bila kuchagua. Zikatokea herufi kama za Kiarabu, halafu mikono ya fundi anayeshona kiatu cha mtoto, cha waridi, kimechakaa. Anashona tu. Hakuna mtu, hakuna gari, kiatu na sindano. Miluzi ikaanza. Mimi nilikuwa nasoma kimoyomoyo maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini, na nadhani midomo ilikuwa inacheza, kwa sababu mwenye banda alinifuata na kipaza sauti chake cha kuitia wateja. "Wewe msomi, hebu tusomee. Leo Lufufu ni wewe."

Picha ilikuwa *Children of Heaven*, ya Majid Majidi, ya mwaka 1997, hadithi ya Tehran. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ilikuwa filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Siku ile kwetu ilikuwa habari ya viatu vilivyopotea. Mtoto Ali ametumwa kwa fundi kuchukua viatu vya dada yake Zahra, kavipoteza njiani kwa muuza mboga. Baba hana kitu, mama mgonjwa, kodi haijalipwa. Kusema haiwezekani. Basi wanavaa jozi moja kwa zamu. Zahra anasoma asubuhi, Ali mchana. Msichana akitoka anakimbia vichochoroni, wanabadilishana, mvulana naye anatimua mbio.

Hapo sikuhitaji kueleza. Nusu ya banda tulikuwa tumepita shule za msingi za zamu mbili. Miluzi ilikoma bila mimi kugundua saa ngapi.

Kuna mahali baba yao anavunjavunja sukari ya msikiti, rundo zima liko mbele yake, binti anamletea chai, naye anaomba sukari. Binti anashangaa, si hiyo hapo? Baba anasema hii ya msikiti. "Chai! Kasema chai!" akaropoka konda mmoja, kama amesikia jina la ndugu yake. Mzee mwenye kofia akatikisa kichwa: "Huyo ndiye wa kupewa mweka hazina." Tukacheka, kisha tukanyamaza. CD ya kwanza ilipoisha, hakuna aliyetoka kuvuta sigara.

Aibu yangu ilikuwa kwenye CD ya pili. Yanatangazwa mashindano ya mbio, na Ali anaitaka zawadi ya tatu, si ya kwanza. Zawadi yenyewe ni "sneakers", neno ambalo Kiingereza changu cha kidato cha pili hakikuwahi kukutana nalo. Nikasema, "Wa tatu anapewa wiki ya kambi na jozi ya... ya kitu." Watu wakaguna. Kutoka benchi la mbele fundi viatu wa mtaani kwetu akageuka. "Umesema jozi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kinachokwenda jozi ni nini, mwanangu? Na huyo mtoto ana shida ya nini?"

Raba! Banda zima likajibu kabla yangu.

Kuanzia hapo watu wazima arobaini wakawa wanamwombea mtoto ashindwe, lakini asishindwe sana. "Punguza! Punguza!" Anaanguka, anainuka, anajikuta mbele pamoja na wenzake kwenye utepe, hata haoni nani ni nani. Kawa wa kwanza. Tulishangilia kwa mazoea, sekunde mbili hivi, mpaka tukauona uso wake. Mwalimu kambeba, wapiga picha wanamtaka ainue kichwa, naye machozi yanamtoka. Maandishi yalikuwa yanapita na mimi sikuyasoma. "Wamnyang'anye hilo kombe!" akafoka konda. "Wamrudishe wa tatu!"

Halafu baba yao anaonekana na baiskeli, na kwenye mzigo wake mna viatu vipya, vya msichana na vya mvulana. Nyumbani watoto hawajui. Ali anavua raba zilizokwisha kupasuka, anatumbukiza miguu yenye malengelenge kwenye kidimbwi cha uani, samaki wekundu wanamzunguka. Kioo kikawa cheusi.

"Weka CD ya tatu," akasema fundi viatu.

Mwenye banda akaonyesha kasha: CD ni mbili. Hakuna aliyemwamini. Watoto hawajavaa viatu, picha itaishaje? Wengine wakadai anaificha aje kuwatoza mia nyingine kesho. Niliapa, nikawatafsiria mpaka maandishi ya mwisho, haikusaidia.

Kesho yake Van Damme alirudi. Lakini kwa miezi kadhaa, kila nikipita mbele ya kibanda chake nikielekea shule, fundi viatu aliinua macho kutoka kwenye soli. "Msomi, ile ya tatu haijaja?"

"Bado, mzee wangu. Ikija nitakuita."