Bustani ya mrututu: chupa ya nne

Jumapili, saa mbili usiku. Najaribu kuotesha mirija ya mrututu ndani ya chupa ya siliketi, na chupa ya nne imekubali! Tatu za mwanzo nimezimwaga.

Siliketi, dawa ya maji ya kutengenezea sabuni, nilipewa na dada mmoja hapa Chikongola anayepika sabuni ya mche. Ni nzito kama asali, na inachubua ngozi, kwa hiyo glavu sivui. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, nilinunua duka la pembejeo, pale pale wanapouza salfa ya mikorosho.

Chupa ya kwanza sikuzimua siliketi. Punje ilivaa ngozi ya buluu, ikaishia hapo. Ya pili niliusaga mrututu, nikapata uji. Ya tatu ilikuwa inapendeza mpaka mtu akasogeza meza.

Leo nimetia siliketi kijiko kimoja kwa vinne vya maji, nikaacha itulie, nikadondosha punje moja kubwa kama ya mtama. Ikavimba. Ikatumbuka juu, kakatoka kamrija kembamba kama uzi, kakapanda, kakasimama, kakavimba kichwa, kakatumbuka tena. Nimekodoa macho mpaka chai imepoa.

Mrututu unaoyeyuka ukigusana na siliketi, vinagandana papo hapo kuwa utando. Utando huo unaruhusu maji yaingie lakini shaba hautoi. Maji yanajaa ndani, utando unapasuka, na mrututu uliozimuliwa, mwepesi kuliko siliketi, unapanda ukijivika utando mpya njiani. Ndiyo mrija wenyewe. Mkemia Mjerumani Johann Glauber aliielezea bustani ya namna hii mwaka 1646, kwa hiyo sijagundua kitu.

Kinachonikosesha usingizi ni kazi ya Wim Noorduin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, 2013: maua ya bariamu kaboneti na silika, madogo mpaka uyatazame kwa hadubini, yana petali na vikonyo. Hawakuchonga hata moja. Walicheza na hewa ya kaboni dioksidi inayoingia kwenye bika (glasi ya maabara), joto na ukali wa maji, maua yakajipanga yenyewe. Mimi hata kamrija kangu sijui katapinda wapi.

Mama kachungulia, kasema ni matumbawe. Nikamwambia matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wa baharini, humu hamna kilicho hai. Hajaridhika.

Kesho nitanyonya siliketi kwa bomba la sindano, polepole, niweke maji matupu ili mirija idumu. Na chupa inahama jikoni: Mama hataki sumu ya buluu ikae rafu moja na chumvi yake.