Siku tatu za kununa bure

Hili limenikaa rohoni tangu Jumatatu, na nisipoliandika sitalala.

Saa nane mchana, chumba cha kubadilishia nguo, zamu imekwisha. Chiriku, mwenzangu wa kazi, yuko kwenye benchi anavua viatu vya kazi. Mimi nimeegemea kabati, nikasema kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba nimechoka, miguu yawaka moto. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Tu m'étonnes!"

Wanishangaza. Ndivyo nilivyosikia, maana ukilichukua neno mojamoja ndivyo lisemavyo. Mimi? Niliyewaogesha wazee sita peke yangu kwa kuwa mwenzetu hakuja? Nikaanza kujieleza: chumba cha kwanza, cha pili, yule bibi anayeng'ang'ania blanketi. Chiriku akanitazama kama mtu anayesomewa risiti ya duka. "Ben oui," akasema, "tu m'étonnes." Karudia! Nikachukua mkoba, nikatoka bila kuaga.

Njia nzima ya metro nikawa naisikia ile "tonnes" alivyoivuta. Kila nikiikumbuka naiongezea dharau kidogo, hata kufikia Alhamisi Chiriku alikuwa ameshanitukania ukoo mzima. Jumanne sikumsalimu. Jumatano sikumsalimu. Jumatano hiyohiyo mdogo wangu kajifungua mapacha kule Tanga, alhamdulillahi, nami naangalia picha zao huku kichwani ni "tonnes, tonnes".

Alhamisi jioni nikamsimulia Koko wa ghorofa ya chini, Mngazija wetu, naye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. (Marseille hii bila Wangazija sijui ningezungumza na nani.) Alicheka mpaka mbuzi ikayumba. Hakuna aliyeshangaa, akasema. Maneno hayo wanayasema kinyume: sishangai hata chembe, nakuamini, ungekosaje kuchoka! Aliporudia mara ya pili alikuwa anakuunga mkono, wewe ukamnunia.

Nikaketi kimya. Maana sisi nalo tunalo: we acha tu! Ukiniambia nauli imepanda, nitakujibu "we acha tu", nawe huachi, ndio kwanza unakolea. Sasa mfikirie mgeni aliyeambiwa "we acha tu" akaacha kweli, akafunga domo, akabeba mkoba wake. Ndiye mimi huyo.

Ijumaa lifti ikafa tena. Chiriku yuko ngazini na kapu la mashuka, analalamika. Nikakusanya pumzi: "Tu m'étonnes!" Nikaivuta "tonnes" vilevile kama yeye. Hakugeuka. Hakucheka. Akaendelea tu, mara fundi, mara wakubwa wa ofisini, mara magoti yake, kana kwamba nimezaliwa mtaa mmoja naye. Sijawahi kufurahi hivi kwa kutotazamwa.

Basi kichwa kikavimba. Mchana babu wa chumba cha mwisho akanilalamikia kuwa supu haina chumvi. Nikataka kumpa lilelile, lakini babu yule haambiwi "tu", ile "wewe" ya Kifaransa ya kuzoeana, labda uwe mjukuu wake, malezi ya shikamoo yakanitangulia, nikasema, "Vous m'étonnez." Akaweka kijiko chini. Nikushangaze kwa lipi? Hebu onja! Kumbe neno lenyewe halivai kanzu: ukilitia heshima linarudi kuwa mshangao kweli, na babu kaona simwamini. Nikaonja. Chumvi haimo kabisa.

Na Chiriku tumerudi kusalimiana, ingawa radhi sijamwomba. Nianzie wapi? Nahofia hata hakujua kwamba tuligombana.

Jino la nyuma nalo limeanza tena usiku huu, lile la kushoto. Nimepiga simu kwa madaktari wa meno wawili, wote hawapokei wagonjwa wapya, na karafuu alizonifungia mama zimebaki nne.