Vichwa Viwili vya Ukuta wa Saluni

Mwaka 2003, nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo, baba mkubwa alinichukua nimsaidie kazi yake ya kuchora mabango mjini Kigoma. Karakana ilikuwa kibaraza cha nyumba yake, Mwanga, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa maandishi: majina ya maduka, bei za soda, onyo la kutokojoa ukutani, mara mojamoja dua juu ya mlango wa hoteli. Herufi nilizishika mapema. Vichwa vya watu alivichora yeye mwenyewe, mpaka ilipokuja kazi ya saluni moja iliyokuwa kando ya barabara iteremkayo kwenda stesheni.

Mwenye saluni alitaka vichwa viwili vikubwa upande wa mbele, cha mwanamume na cha mwanamke, na vyote viwili viwe na nywele zilizokatwa chini kabisa. Alieleza kwamba wateja wake wengi wa kike walikuwa walimu, wauguzi na wauza dagaa wa Kibirizi ambao hawakuwa na muda wa kusuka. Yeye mwenyewe alikuwa amekata nywele zake zikabaki kivuli tu, na alikuwa amechoka kuona kuta za saluni za mji mzima zikiwa na wanawake wenye nywele za kumwagika mabegani, nywele ambazo hakuna aliyeingia mlangoni kwake akiwa nazo. Alikataza hereni. Alikataza mkufu, wanja na rangi ya midomo, na kwa upande wa mwanamume akakataza ndevu na masharubu, kwa kuwa kunyoa ndevu ilikuwa sehemu ya huduma yake.

"Mzee, mtu akipita hapa aone mwanamume na mwanamke, basi," alisema.

"Ataona, mama," baba mkubwa alijibu, akapokea kianzio cha malipo, kisha njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno.

Sababu niliijua. Kwa miaka mingi alikuwa na kielelezo kimoja cha kadibodi ngumu, alichokibandika ukutani na kukizungushia chaki. Uso uliotoka akiupa nywele ndefu, hereni na midomo myekundu ulikuwa mwanamke, na akiupa masharubu na mstari wa kuchana nywele ulikuwa mwanamume. Wachora mabango wengine niliowaona wakati ule walifanya vivyo hivyo, na sidhani kwamba ulikuwa uvivu, kwa maana bango husomwa na mtu anayepita, na hereni husomeka haraka kuliko taya. Lakini mapambo yakiondolewa, kielelezo kile kilikuwa kinazaa mapacha.

Kwa kuwa yeye alikuwa ameahidi kazi nyingine Ujiji, vichwa alinikabidhi mimi. Jioni ile alitoa kopo la maziwa ya unga alimohifadhi sarafu za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni, akachagua mbili: shilingi yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita na senti hamsini yenye kichwa cha Malkia Elizabeth wa Pili. Hao ni baba na binti yake, na sarafu zinawaonyesha kwa upande, jambo lililomfaa sana baba mkubwa, kwa sababu alitaka nione watu wa damu moja wanapotofautiana. Malkia alikuwa na taji. Akalifunika kwa kidole gumba. Sarafu zenyewe zilikuwa zimelika kwa kupita mikononi mwa watu, kiasi kwamba hakukuwa na nyusi wala kope za kutazama, umebaki mstari wa nje tu.

"Fuatisha kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni," aliniambia, "halafu nieleze wapi kuna kona na wapi kuna mviringo."

Nilieleza nilivyoweza, naye alipoona nabahatisha, akaniambia niache sarafu nishike mifupa. Alinitaka nipitishe kidole juu ya nyusi zake, na hapo nikakuta ukingo mzito wa mfupa unaotokeza mbele ya macho. Nilipopitisha juu ya nyusi zangu mwenyewe, mimi msichana, mfupa ulikuwa laini, na paji la uso lilipanda karibu wima kutoka kwenye mzizi wa pua, wakati lake lilianza na ukingo ule kisha likalala nyuma kidogo. Chini ya sikio, pembe ya taya lake ilikuwa pana na kali, yangu ikateleza kwa mteremko kuelekea kidevuni. Kidevu chake kilikuwa na pembe mbili na changu kilikuwa cha mviringo tu. Hata kile kinundu cha mfupa kilicho nyuma ya sikio, ambacho sikuwahi kukitilia maanani maishani, kwake kilijaa ncha ya kidole na kwangu kilikuwa kidogo. Biolojia ya sekondari ilikuwa imenifundisha kwamba baleghe humletea mvulana sauti nzito na ndevu. Hakuna aliyenionyesha kwamba homoni hizohizo huukuza pia mfupa wa taya na ule wa juu ya macho, na kwamba uso wa mwanamke hubakiza zaidi umbo la utotoni.

Hata hivyo, hakuniruhusu kuchora tofauti hizo kabla sijashika yale ambayo vichwa vyote vinashirikiana, na hayo ni mengi kuliko nilivyodhani. Macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, kuanzia utosini hadi chini ya kidevu, ingawa karibu kila anayeanza kuchora huyapandisha juu kwa kuwa uso humvutia na fuvu hulisahau. Upana wa kichwa kinachotazama mbele ni kama macho matano, na kati ya macho mawili hubaki nafasi ya jicho moja. Kutoka mwanzo wa nywele hadi kwenye nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka hapo hadi kidevuni, ni vipande vitatu vinavyokaribiana kwa urefu. Vipimo hivi havijui mume wala mke. Nilivichora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, moja baada ya nyingine, mpaka mama mkubwa akalalamika kwamba nyumba yake imejaa watu wasio na miili.

Baada ya hapo alinituma nikatazame watu. Nilianzia shule ya msingi ya jirani, wakati wa mapumziko, ambako watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wamenyolewa wote, wasichana kwa wavulana. Nikiinua kiganja kuzuia sare nisione sketi wala kaptura, nilishindwa kabisa kuwatenganisha kwa nyuso, na nilipomweleza baba mkubwa, alisema hata yeye asingeweza. Wanafunzi wa sekondari, ambao nao walikatwa nywele kwa kipimo kimoja, walinisaidia zaidi. Kwa wale wa kidato cha pili na cha tatu ilionekana taya ya mvulana ikianza kupanuka na shingo yake kunenepa, wakati wasichana wa umri uleule walikuwa wamekwisha kufikia sura ya utu uzima.

Mahali pazuri kuliko pote palikuwa stesheni. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inaishia pale baada ya karibu kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo siku ya treni waliteremka watu wa Tabora, Dodoma na pwani, wakachanganyika na waliokuja kwa boti kutoka Burundi na Kongo. Kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa adabu, na msichana kumkodolea mwanamume ni zaidi ya utovu wa adabu, kwa sababu hiyo nilikaa na sinia la karanga za mama mkubwa na kutazama huku nikiuza. Pale ndipo nilipovurugwa. Nilimwona mama mmoja, mbeba mizigo ya dagaa, mwenye taya pana kuliko ya baba mkubwa na mifupa ya mashavu iliyotokeza, na hakuna ambaye angemdhania kuwa mwanamume hata angevaa kofia. Nikamwona kuli mwenye paji la mviringo, kope ndefu na midomo iliyojaa, na hakuna ambaye angemwita dada. Tofauti kati ya mtu na mtu zilizidi zile za mume na mke, na alama nilizokuwa nimezishika kwa vidole zilikuwa zimegawanywa kwa watu wote, huyu kapewa mbili, yule nne.

Nilirudi na kumwambia baba mkubwa kwamba sioni tena kanuni. Alinijibu kwa kuchukua mkaa na kuchora vichwa viwili haraka: mwanamume aliyepewa kila alama, ukingo wa nyusi, taya, kidevu cha pembe, shingo ya fahali, na mwanamke aliyepewa macho makubwa, pua ndogo, kidevu chembamba na shavu lisilo na mfupa. Wa kwanza alikuwa jambazi, wa pili alikuwa mwanasesere.

"Hawa hawaishi Kigoma," alisema. "Kila mmoja mpe alama mbili au tatu, mwanangu, zilizobaki waachie washirikiane."

Sijawahi kupata mafunzo ya uchoraji yaliyonifaa kuliko hayo, na baadaye nilipoona vitabu vya kigeni vinavyopanga sifa za uso wa kiume upande mmoja na za kike upande wa pili, niliona vinamfundisha mtu kuchora jambazi na mwanasesere.

Nilimchagulia mwanamume ukingo wa nyusi unaotia kivuli juu ya macho, pembe ya taya iliyo wazi, na nyusi zilizonyooka na kukaa karibu na macho. Mwanamke nilimpa paji la wima, nyusi zilizopinda na kuacha nafasi zaidi juu ya kope, na taya inayoteremka bila kona, lakini mifupa ya mashavu nikaiazima kwa yule mama wa dagaa, kwa kuwa sikutaka aonekane binti wa shule. Niliwachora ukutani kwa chaki, nimepanda ngazi na ovaroli ya baba mkubwa, na nywele zangu nazo zikiwa bado za kishule, hivi kwamba wapita njia waliniita kijana na kuniuliza fundi yuko wapi. Barazani mwa jirani palikuwa na benchi la wanywa kahawa. Hao walianza kubishana mara mistari ya uso ilipokamilika, kabla sijachora chochote chini ya kidevu: wengine walisema wa kushoto ndiye mwanamke, wengine walishikilia kwamba wote wawili ni ndugu wa kiume, na mzee mmoja mwenye kanzu alisema sote tungoje.

Nilichora shingo. Ya mwanamume niliishusha nene, karibu sawa na upana wa taya, ikapanuka kuelekea mabegani, na katikati nikaweka kikoromeo. Ya mwanamke niliipunguza upana na kuiacha ndefu kidogo, nikaiinamisha mbele kidogo tu. Ubishi ukaisha papo hapo. Mzee wa kanzu alionekana kuridhika kana kwamba ni yeye aliyeichora, na mimi nikajifunza jambo ambalo sarafu haikunifundisha, kwamba shingo ni nusu ya uso.

Ilibaki rangi. Baba mkubwa, aliyekuwa amerudi kutoka Ujiji, alitaka mwanamke awe mweupe kidogo, kama ilivyokuwa desturi ya mabango. Mwenye saluni, ambaye alikuwa mweusi wa kung'aa, alikataa kabla sijafungua kinywa, akaagiza wote wawili wachotwe kwenye kopo moja. Nilifurahi, maana weupe ule ulikuwa hereni nyingine tu. Rangi tulizotumia zilikuwa za mafuta, za jamii ileile ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza nayo Dar es Salaam mwaka 1968, na ukitazama picha zake za ndege na wanyama utaona kwa nini ilimfaa: kila rangi imekaa peke yake, angavu, bila kufifishwa ndani ya nyingine. Sisi tulihitaji kivuli. Tulichanganya nyekundu, nyeusi na manjano tukapata kahawia, tukaigawa ikawa ya mwanga, ya kati na ya giza, na kabla haijashika nilipitisha kitambaa chenye thina mahali rangi zilipokutana. Usoni mwa mwanamke nilipitisha sana, mwanga ukayeyuka polepole hadi gizani. Usoni mwa mwanamume niliacha mipaka mingine ionekane, hasa chini ya nyusi na ukingoni mwa taya. Ni kazi ya haraka na ya kuumiza macho, na jua la Kigoma halimngoji mtu.

Mwenye saluni alikuja jioni, akavuka barabara ili atazame kwa mbali, akarudi akasogea karibu, akavuka tena. Alilipa fedha iliyobaki yote. Kisha akauliza kama tunaweza kuongeza kichwa cha tatu, cha mtoto, kwa kuwa bei ya kunyoa watoto ni moja, na hakutaka mzazi aje kumwuliza kama ni ya wavulana au ya wasichana.

"Huyo atamaliza leo leo," baba mkubwa alisema, akiniashiria mimi.

Nilishusha macho chini ya nusu ya kichwa, nikaacha fuvu kubwa juu yake, taya ndogo, shavu la mviringo, shingo nyembamba, na alama nyingine sikuweka. Chini yake tuliandika bei kwa herufi nyekundu.