Atlanta hadi New Orleans: Safari ya Kumfuata Kwotabaki

Safari ilianzia Atlanta, Marietta Street, kwenye jumba la makumbusho ya futiboli ya vyuo vya Marekani. Ukuta mzima umepangwa helmeti za vyuo, zaidi ya mia saba, kuanzia vyuo vinavyojaza uwanja wa watu laki moja hadi vile ambavyo Wamarekani wenyewe hawavijui. Ndani kuna kiwanja cha yadi 45 ambapo mgeni anaruhusiwa kurusha mpira. Nashauri urushe. Mpira ule wenye ncha mbili ukikutoka mkononi bila kuzunguka unayumba kama tiara iliyokatika uzi, na hapo unaelewa kwa nini makocha wanamgombania kijana mmoja tu, kwotabaki: yule anayepokea mpira karibu katika kila shambulio na kuamua uende wapi.

Kwa aliyezoea soka, kanuni moja inatosha kwa sasa. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira ni wa wapinzani. Kwotabaki akishaupokea mpira, ana kama sekunde mbili na nusu kabla majitu ya kilo mia na ushee hayajamfikia.

Kutoka pale ni mwendo mfupi wa miguu hadi Mercedes-Benz Stadium. Tarehe 8 Januari 2018, kwenye fainali ya ubingwa wa vyuo, Georgia ilikwenda mapumziko ikiongoza Alabama 13-0. Kocha wa Alabama, Nick Saban, alimketisha kwotabaki wake Jalen Hurts, aliyekuwa amepoteza mechi mbili tu katika misimu miwili, akamwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wengi waliliita kamari, lakini lilikuwa hesabu. Hurts alikuwa hatari kwa miguu, kwa hiyo Georgia ilisogeza watu mbele kuziba njia na kumlazimisha arushe. Dawa ya ukuta wa namna hiyo ni mtu anayeweza kupitisha mpira juu yake.

Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Georgia ilipata pointi 3 kwa kuupiga mpira kwa mguu kati ya nguzo. Alabama ilianzia yadi 25 kutoka mstari wa goli wa Georgia, na katika jaribio la kwanza Tua alifanya kosa la kitoto: badala ya kuutupa mpira nje alirudi nyuma, akaangushwa, yadi 16 zikapotea. Kupiga kwa mguu kutoka pale kungekuwa umbali wa yadi kama 58, na mpigaji wao alikuwa ametoka kukosa kwa yadi 36. Jaribio la pili, yadi 26 zinahitajika. Tua alitazama kulia, akaendelea kutazama kulia, na mlinzi wa mwisho wa upande wa kushoto akachelewa kutoka katikati. Mpira ukaenda kushoto, kwa DeVonta Smith, yadi 41, tachidauni (mpira umefikishwa eneo la goli), 26-23. Mkono uliurusha tu. Kazi ilikuwa imeshafanywa na macho.

Desemba mwaka huohuo, uwanja uleule, wapinzani walewale: Tua aliumia Alabama ikiwa nyuma 28-21, Hurts akatoka benchi na kushinda 35-28. Benchi la namna ile sasa ni ghali. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, na kwotabaki wa pili mwenye kipaji hangoji. Anaondoka. Faida yake huonekana kwa anayempokea: Ohio State ilitwaa ubingwa papa hapa tarehe 20 Januari 2025 na Will Howard, aliyehamia kutoka Kansas State. Pasi zake 13 za mwanzo zilidakwa zote. Dhidi ya Notre Dame, wakiongoza 31-23 dakika za mwisho, jaribio la tatu na yadi 11, kocha mwoga angekimbiza mpira ili kula saa. Wao waliona Jeremiah Smith ameachiwa mlinzi mmoja, wakamrushia yadi 56. Ikaisha 34-23.

Kutoka Atlanta hadi Tuscaloosa ni kama kilomita 320 kwa barabara kuu ya 20. Ukivuka mpaka wa Alabama saa inarudi nyuma saa moja, kwa hiyo ukitoka asubuhi unafika bado asubuhi, au karibu. Nje ya Bryant-Denny, uwanja wa Alabama, wamesimama makocha wa shaba walioleta ubingwa, Saban akiwamo. Hakuna sanamu iliyonishika. Nilikuja kwa sababu ya mechi mbili.

Tarehe 5 Novemba 2011, LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ilishinda hapa 9-6 baada ya muda wa nyongeza. Hakuna tachidauni hata moja. Alabama peke yake ilikosa mipigo minne kati ya sita. Kazi ya kwotabaki wakati ule ilikuwa kutoharibu: mpe mkimbiaji mpira, usipoteze, waachie walinzi washinde. Tarehe 9 Novemba 2019, vyuo vilevile, nyasi zilezile, LSU ilishinda tena, mara hii 46-41. Kwotabaki wa LSU, Joe Burrow, alikamilisha pasi 31 kati ya 39, yadi 393. Tua, aliyeshindwa, alirusha yadi 418.

Katikati ya tarehe hizo mbili mbinu ilibadilika, na chanzo kimoja ni kifungu kidogo cha sheria. Katika futiboli ya vyuo, wazuiaji watano wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele ya mstari wa kuanzia shambulio hata kama pasi itarushwa; kwenye ligi ya malipo, ni yadi 1 tu. Yadi hizo mbili za ziada zimezaa shambulio lenye majibu mawili. Wazuiaji wanasukuma kana kwamba ni mbio. Kwotabaki anaubandika mpira tumboni mwa mkimbiaji huku akimtazama mlinzi mmoja tu wa katikati. Mlinzi akipiga hatua mbele, kwotabaki anauchomoa mpira na kuurusha nyuma ya mgongo wake; akibaki, mkimbiaji anaondoka nao. Mlinzi yule hana jibu sahihi. Shambulio huharibika kwotabaki akisita: nusu sekunde ikipita wazuiaji wanavuka yadi 3, kitambaa cha njano cha mwamuzi kinaanguka, adhabu ya yadi 5 nyuma. Saban aliwahi kulalamikia mchezo wa kasi waziwazi, kisha mwaka 2014 akamwajiri Lane Kiffin aje amfundishie huohuo. Adui usiyemweza, mwajiri.

Kuelekea Baton Rouge, mji wa LSU, ni zaidi ya kilomita 500, kupitia Meridian na Hattiesburg. Misonobari kila upande, redio za mahubiri, na kila mji mdogo una kiwanja cha shule. Kimoja kilikuwa wazi, nikakipima kwa hatua. Kiwanja kina upana wa futi 160, na mistari miwili ya alama ndogo hupita katikati kwa urefu. Jaribio lolote huanzia kwenye alama hizo au baina yake. Shule za sekondari hugawa upana mafungu matatu sawa. Vyuoni alama ziko futi 40 kutoka nyingine, kwenye ligi ya malipo futi 18 na nusu.

Linaonekana jambo la mchora chokaa, lakini linaamua nani anafaa kuwa kwotabaki wa chuo. Mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia una futi 100, wa kushoto 60 tu. Pasi ya kumfikia mpokeaji karibu na mstari wa kulia, yadi 15 mbele, husafiri hewani yadi 36 hivi, kwa sababu kwotabaki mwenyewe amerudi nyuma yadi 5 na mpokeaji yuko yadi 30 pembeni. Mwenye mkono dhaifu akiijaribu, mlinzi anaufika mpira kabla ya mpokeaji na kukimbia nao moja kwa moja. Makocha makini hawamwombi pasi hiyo. Humpa za upande mfupi, au humtoa mbio akielekea upande mpana ili apunguze umbali kwa miguu yake mwenyewe.

Baton Rouge joto hukaa begani kama gunia bichi. Tiger Stadium, uwanja wa LSU wenye viti zaidi ya 102,000, uko karibu na tuta la mto Mississippi, na ng'ambo ya barabara anaishi chui milia halisi wa chuo. Hapa Burrow, aliyetoka Ohio State alikokosa namba, alikamilisha asilimia 57.8 ya pasi zake mwaka 2018. Mwaka uliofuata asilimia 76.3, tachidauni 60 kwa pasi, mechi 15 bila kupoteza. Mkono ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni Joe Brady, kocha kijana kutoka New Orleans Saints, timu ya ligi ya malipo, na uamuzi wa kuwatawanya wapokeaji watano huku wakibaki wazuiaji watano tu.

Hesabu yake ni ya dukani. Wapinzani wakileta watu sita, mmoja hana wa kumzuia; lakini aliyekuja ameacha mahali wazi. Kwotabaki anatakiwa kumtambua kabla mpira haujatoka, kwa kuhesabu walinzi wa mwisho: wakiwa wawili nyuma kabisa, katikati pana nafasi; akibaki mmoja, huenda mwenzake anakuja kumvamia. Pasi inakwenda palepale mvamizi alipotoka. Akikosea hesabu anapigwa na mtu ambaye hakumwona. Tangu 2024 kocha anaweza kusema naye kupitia helmeti, ila sauti hukatwa sekunde 15 zikibaki kwenye saa ya kuanzisha shambulio, na walinzi wajanja husubiri zikatike ndipo wahame.

Kilomita 130 za mwisho zinapita juu ya vinamasi hadi New Orleans, na Superdome unaliona kabla ya mji. Chini ya dari hili, tarehe 1 Januari 2015, Cardale Jones, kwotabaki wa tatu wa Ohio State, aliiondoa Alabama 42-35 katika mechi yake ya pili tu tangu aanze. Wa kwanza na wa pili walikuwa majeruhi. Hawakumpa mpango wa wenzake. Walimpunguzia: mkimbiaji Ezekiel Elliott, kisha pasi ndefu walinzi wakishasogea.

Na kati ya fainali ambazo LSU imecheza hapa, mbili zinahusu safari hii. Januari 2012, dhidi ya Alabama, ilipata yadi 92 usiku mzima na kufungwa 21-0. Januari 2020 Clemson iliificha mipango ya ulinzi wake vizuri mno, LSU ikabaki nyuma 17-7, hadi Burrow alipoona Ja'Marr Chase anaachwa na mlinzi mmoja, akaacha kutafuta kingine. Ikaisha 42-25, LSU ikiwa na yadi 628. Kituo cha treni kiko jirani, Loyola Avenue. Ile ya Crescent huondoka asubuhi, na njiani kwenda Atlanta husimama Tuscaloosa.