Mödlareuth: kijiji kimoja, majimbo mawili

Kutoka stesheni ya Hof, kaskazini mwa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, hadi Mödlareuth ni mwendo usiofika kilomita 20. Mabasi ya vijijini ni machache, kwa hiyo nilikwenda kwa gari: unafika Töpen, kisha unashika barabara nyembamba inayokatisha mashamba. Ukuta uliowahi kukikata kijiji hiki kati ya Ujerumani Mashariki na Magharibi hauonekani kwa mbali. Kijiji kimejificha bondeni, na ukishtuka umeshaingia: nyumba za wakulima, maghala, bwawa dogo, wakazi wasiofika 60. Jina nalo linaeleza palivyoanza, kwani *reuth* ni mahali palipofyekwa msitu ili watu walime.

Katikati hupita kijito kiitwacho Tannbach. Nilikuwa nakitafuta kwa macho nikidhani nitaona mto, kumbe nimeshakivuka. Mtu mzima anakiruka bila hata kurudi nyuma kuchukua kasi. Ng'ambo hii ni Bavaria, ng'ambo ile ni Thuringia.

Wageni wengi hufika wakiamini ukuta ndio uliokigawa kijiji. Sivyo. Mwaka 1810 yalisimikwa hapa mawe ya mpaka kati ya Ufalme wa Bavaria na milki ndogo ya Reuss. Tafuta jiwe moja uliinamie: upande mmoja limechongwa KB (Königreich Bayern, Ufalme wa Bavaria), upande wa pili FR (Fürstentum Reuß, milki ya Reuss). Kwa zaidi ya miaka 130 mawe hayo hayakumzuia mtu. Shule (neno tulilolirithi kwa Wajerumani hawahawa) na baa vilikuwa upande wa Thuringia. Ibada watu wote walikwenda Töpen, upande wa Bavaria. Kodi zilikwenda pengine, maisha yalikuwa yaleyale.

Mambo yaliharibika baada ya vita. Thuringia ikawa chini ya Wasovieti, Bavaria chini ya Wamarekani, na mwaka 1949 zilipozaliwa Ujerumani mbili, alama ya ramani ikawa mpaka wa dola. Mei 1952 Ujerumani Mashariki, ambako Thuringia iliangukia, ilifunga mpaka wake wote na Magharibi na kuupangia kanda tatu: kilomita 5 za eneo la vibali, ndani yake mita 500 zenye masharti makali zaidi, na mwishoni kabisa mita 10 za ardhi iliyolimwa tupu. Sasa fikiria kijiji ambacho nyumba zake zimo ndani ya hizo mita 500. Familia zilizoshukiwa zilihamishwa kwa nguvu, ndugu wa nje hawakuweza kuja bila kibali, na hata kumpungia mkono jirani wa ng'ambo kulikatazwa.

Kwanza ulijengwa uzio wa mbao, ukafuata wa waya, na mwaka 1966 ukaja ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700 na kimo cha zaidi ya mita 3. Wanajeshi wa Kimarekani walikuwa wakikiita kijiji “Berlin ndogo”, kwa kuwa jiji la Berlin nalo lilikatwa na ukuta.

Leo kijiji kina jumba la makumbusho ya mpaka huo. Sehemu yake iliyo nje ndiyo ya kutumia muda, na ushauri wangu ni kuitembea ukitokea mashariki kwenda magharibi, kwani ndivyo alivyokutana nayo aliyetaka kutoroka. Unakutana na uzio wa tahadhari, ambao ukiguswa ulipeleka ishara kwa walinzi. Halafu njia ya doria: mistari miwili ya mabamba ya zege yenye matundu, majani yakichomoza ndani yake. Angalia unapokanyaga, kisigino hunasa kirahisi. Kando yake ni ule udongo uliosawazishwa kwa haro. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi nyayo, walinzi wajue nani kapita na kaelekea wapi. Penye uzio wa chuma badala ya ukuta, jaribu kupenyeza kidole. Matundu yamefanywa madogo makusudi, kidole kisipate pa kushika. Kumbuka tu kwamba si kila kipande kimesimama pale kilipokuwa awali. Baadhi vimepangwa upya ili mfumo mzima uonekane. Ukuta wenyewe umebaki kama mita 100.

Hata magharibi palikuwa na mtego. Ukuta ulisimama ndani ya ardhi ya Mashariki, si juu ya mpaka. Mgeni aliyeruka kijito ili auguse alikuwa tayari ameingia nchi nyingine.

Ukuta wa Berlin ulifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Hapa watu walisubiri mwezi mzima, hadi 9 Desemba, ndipo likatobolewa pengo la waenda kwa miguu. Tarehe 17 Juni 1990 tingatinga lilianza kuuangusha ukuta.

Mpaka wa 1810, hata hivyo, haukuondoka. Nusu ya Bavaria iko chini ya Töpen, nusu ya Thuringia chini ya mji wa Gefell, kila moja na meya wake. Vibao vya namba vya magari ya Bavaria vina herufi HO, vya Thuringia SOK. Msimbo wa posta ni tofauti, wa simu pia: anayempigia jirani wa ng'ambo ya kijito huanza na msimbo wa eneo, kama vile anapiga mji wa mbali. Watoto husoma shule tofauti. Ukiamkia watu, upande wa Bavaria sema *Grüß Gott*. Ukivuka daraja, *Guten Tag*.