Pini mdomoni

Jumapili ile mchungaji alihubiri Yakobo 1:19, "kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema, wala kukasirika." Niliitikia amina mpaka jirani akanigeukia. Nilikuwa namfikiria mume wangu. Hata kwenye mnada baada ya ibada, nikigombania mkungu wa ndizi, bado nilikuwa nasikitika kwamba alikwenda ibada ya kwanza na hilo neno limempita.

Jumanne nikalipuka.

Nina kibanda cha ushonaji hapa Moshi, si mbali na soko la Memorial. Tulikuwa na sare za kwaya, magauni 14 ya kitenge cha ndege, na Pasaka imebaki wiki moja na nusu. Binti ninayemfundisha kazi, mtoto wa Rombo, mpole mpaka umsogezee sikio, alikuwa ameshakata migongo yote. Nikainua mmoja, ndege wako kichwa chini miguu juu. Mwingine, vilevile. Nikahesabu saba.

"Dada, ile Jumamosi nili..." Nikamkatisha. Mbele ya wateja wawili nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akajaribu tena, nikamwambia afunge mdomo. Akachukua pasi ya mkaa, akatoka nje kuipuliza.

Ndipo nikaona chaki. Alama za mkunjo zilikuwa za mkono wangu. Kitenge chenye kichwa na miguu hakikunjwi kwa kurudishwa juu yake, maana tabaka la chini litapinduka, na mimi nilikirudisha. Jumamosi aliniuliza kama ni sawa. Nilimjibu "wewe kata tu" bila kuinua macho.

Efeso inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Mimi lilichwa. Nilimwona akiondoka na kimfuko chake, Kibo imejitokeza juu ya mabati, nikajifanya nahesabu vifungo. Msamaha nilimwomba asubuhi, na bahati nzuri mmoja wa wateja wa jana alikuwa amerudi kuchukua suruali, akasikia. "Sawa dada," akasema binti, basi. Ningependa anigombeze kidogo. Kitenge cha kufidia nilinunua mwenyewe, na faida ya sare ikaishia hapo.

Miaka yote nimeombea hasira. Masikio sikuwahi kuyaombea, na Yakobo ameyataja kwanza. Nikiwa kimya mtu anadhani namsikiliza, kumbe natafuta jibu.

Dawa niliyoipata si ya kiroho sana. Sisi mafundi tukirekebisha nguo mwilini mwa mtu tunabana pini midomoni. Huwezi kumjibu mteja ukiwa na pini nne mdomoni, labda uzimeze. Basi anaongea mpaka anamaliza, na mara nyingi neno lenyewe liko mwishoni. Mama mmoja alilalamika weee, gauni linabana, sijui kupima, fundi gani mimi. Alipofika mwisho akashusha sauti: ana mimba, hajamwambia mtu.

Siku hizi nazibana hata kama hakuna nguo ya kurekebisha. Nyumbani bado ni shida. Juzi umeme uliisha na mume wangu hakuwa amenunua LUKU, sitaki kusimulia.

Ila wiki iliyopita aliingia mteja akidai nimemwibia nusu mita. Nikavuta pumzi nimshukie. Binti hakuinua hata kichwa kwenye ovaloki.

"Dada," akasema, "pini."